Udhu wa Kibaba

Ndugu msomaji, leo nina aibu yangu ya kukutolea, huenda ikakufaa.

Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka 8 alinikuta natawadha bombani. Bila ya kusema neno akalisukuma beseni chini ya miguu yangu. Nilipokwisha, akayateka yale maji kwa kopo la lita moja, akihesabu: "Moja, mbili, tatu..." Akafika tisa. Kisha akauliza, "Babu, si ulitusomesha kuwa Mtume akitawadha kwa mudi moja?"

Sikuwa na jawabu. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Na mudi ni mjao wa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Haipati hata lita moja, ni kipimo cha jamaa ya kibaba chetu. Basi mimi kila udhu nilipoteza lita 8. Kwa sala tano ni lita 40, yaani mitungi miwili. Na mlango wa pili, mjane ambaye bomba lake halitoi kitu alikuwa akipatana bei ya mtungi na mchuuzi wa mkokoteni!

Waama, sisi hatukulelewa hivyo. Chuoni mwalimu alitupa kata ya kifuu, na ole wake atakayeijaza mara mbili. Katika majumba ya mawe ya Lamu maji yaliwekwa birikani, na samaki wadogo wakiachiwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Mtu aliyaona maji yakipungua, akajizuia. Bomba halionyeshi kina. Hapa Mombasa tunafungulia tu, tukisahau kwamba sehemu ya maji haya hutoka Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200.

Tangu siku ile nyumba yetu ina desturi mpya. Twatawadha kwa kopo. Bomba lililokuwa likidondoka nililitegea sufuria usiku mmoja, asubuhi imefurika. Tukabadilisha kipira cha ndani, kitu cha senti chache, likanyamaza. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi tena: ndiyo kinywaji cha miasmini na mrehani uani. Humwagiliwa alfajiri au baada ya alasiri jua likipoa, wala si adhuhuri, maana maji mengi hupanda hewani kabla ya kufika mizizini. Na kila shina limezungushiwa makumbi ya nazi, ambayo huuhifadhi unyevu wa udongo.

Masika nayo ni neema tunayoiachia mitaroni. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Basi paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, laweza kukupa karibu lita 1,000. Weka mfereji ukingoni mwa mabati, mvua ya kwanza iache ioshe paa, kisha kinga pipani. Na pipa ulifunike, mbu wasizaane.

Wahenga walinena haba na haba hujaza kibaba. Kwetu hujaza mitungi miwili kila siku, na mmoja wao mjukuu wangu humpelekea yule bibi wa mlango wa pili. Amekataa nimsaidie kuubeba.