Pilipili kali, zao la asiye na shamba

UKITOKA Bujumbura mjini kuelekea Gatumba na mpaka wa Kongo, Kajaga iko mkono wako wa kushoto, kati ya barabara na Ziwa Tanganyika. Ardhi yake ni tambarare, jua lake ni kali na viwanja vyake vingi ni vidogo. Mwenye nyumba hapati nafasi ya kulima mahindi ya kumlisha mwezi mmoja, na mpangaji ndiyo kabisa.

Hata hivyo, lipo zao moja ambalo uwanja wa nyuma ya nyumba unalitosha, nalo ni pilipili kali. Sizungumzii ule mche mmoja wa kuchuma tunda la mboga ya jioni. Nazungumzia pilipili ya kuuza, inayochumwa kila wiki kwa miezi kadhaa, ikiwa imepandwa katika ndoo kuukuu na bidoni za mafuta zilizokatwa juu.

Kwa nini pilipili

Kwanza ni suala la ardhi. Kati ya mwaka 2002 na 2010, Warundi zaidi ya nusu milioni walirejea nyumbani, wengi wao kutoka Tanzania. Wengi wetu tuliohunguka tulikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine, na kesi za ardhi zikachukua miaka. Wakati kesi inaendelea, watoto wanakula na kwenda shule.

Mimi nilisoma kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu. Sheria ilikuwa kwamba mkimbizi asitoke zaidi ya kilometa nne nje ya kambi bila kibali, kwa hiyo shamba halikuwepo. Lakini karibu kila nyumba ilikuwa na pilipili katika kopo, pembeni ya bafu, ikinyweshwa maji ya kuogea. Akina mama waliuza matunda matano matano kwenye soko la kambi na kupata fedha ya chumvi. Ujuzi huo tulirudi nao, na hauhitaji hati ya kiwanja.

Pili ni ziwa lenyewe. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, na maji yakaingia katika nyumba na bustani za Kajaga na Gatumba. Mizizi ya pilipili ikikaa ndani ya maji siku mbili tatu huanza kuoza. Bustani iliyo ardhini haihami, lakini ndoo huinuliwa ikawekwa juu ya matofali, na hali ikizidi hupakiwa kwenye mkokoteni pamoja na godoro.

Tatu ni mpaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Desemba 2025, mapigano yalipofika Uvira, maelfu ya watu walivuka kukimbilia upande wetu na biashara ya barabara ya Gatumba ikasimama. Siku kama hizo mwenye nyanya hupoteza mtaji wote, ilhali mwenye pilipili huirudisha nyumbani na kuianika. Pilipili iliyokauka vizuri hukaa miezi mingi, na mzigo wake ni mwepesi kuubeba.

Ujue unachopanda

Ukali wa pilipili hupimwa kwa kipimo cha Scoville, jina la mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, aliyekibuni mwaka 1912. Hoho, ambayo hapa Bujumbura wengi huiita puavuro, ina sifuri. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazoelekea juu, hufika kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo na harufu nzuri, hufika kati ya 100,000 na 350,000.

Juu ya hapo ndipo zilipo pilipili kali kupindukia ambazo vijana wanazisikia siku hizi. Bhut jolokia ya India ilitambuliwa na Guinness mwaka 2007 kwa kupita 1,000,000. Carolina Reaper ya Marekani ikatambuliwa mwaka 2013 kwa zaidi ya 1,500,000. Oktoba 2023 ikatangazwa Pepper X yenye wastani wa 2,693,000. Aliyezizalisha hizi mbili za Marekani ni mtu mmoja, Ed Currie, na mbegu za Pepper X hajaziuza. Kwa hiyo mtu akikuletea kipakti sokoni akasema ni Pepper X, mrudishie.

Jambo la kumfurahisha mkulima wa Kajaga ni kwamba pilipili hizo zote zina damu ya pilipili mbuzi yetu. Jamii yake kitaalamu huitwa Capsicum chinense, na matunzo yake ni yale yale. Anayeweza kuizalisha vizuri pilipili mbuzi anaweza kuizalisha Reaper pia.

Lakini kuweza kuizalisha ni kitu kimoja, kuiuza ni kingine. Mchoma mukeke wa ufukweni na muuza brosheti wanataka pilipili yenye harufu ambayo mteja ataila na kurudi kesho. Kwa ndoo 30, ushauri wangu ni ndoo 25 za mbuzi na tano za zile kali kupindukia. Hizo tano ni za kutengenezea mchuzi wa chupa, ambapo tunda moja hukolea chupa nzima.

Mfano tunao jirani. Akabanga, mafuta ya pilipili ya kichupa kidogo cha kudondoshea, yanatengenezwa Rwanda na kampuni ya Sina Gérard huko Nyirangarama, kwenye barabara ya Kigali kwenda Musanze. Malighafi yake ni pilipili za jamii hii hii ya mbuzi. Faida yake imetokana na kuigeuza pilipili kuwa bidhaa isiyooza.

Kalenda ya Kajaga

Pilipili ya kawaida huota kwa siku saba hadi kumi. Zile kali zaidi huchukua wiki mbili hadi tano, na wengi huzimwaga wakidhani zimekufa. Zinahitaji joto la nyuzi 25 hadi 30. Ulaya watu hununua vifaa vya umeme vya kupasha udongo joto hilo, na sisi tunalipata bure.

Sia mbegu Januari. Udongo wa kitalu umwagie maji yanayochemka siku moja kabla, kuua vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga. Weka kitalu kivulini na usikiloweshe kupita kiasi.

Machi, miche ikiwa na majani sita hadi manane, ihamishie kwenye ndoo za lita 20, mche mmoja kila ndoo. Toboa ndoo matundu sita au zaidi chini, na uiinue juu ya matofali ili maji yatoke. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza na moja ya maganda ya mpunga. Maganda hayo ni mengi kwenye mashine za kukoboa za bonde la Imbo, na huufanya udongo upitishe hewa.

Mche ukifika urefu wa sentimeta 30 hivi, kata ncha yake. Utatoa matawi mengi pembeni, na kila tawi ni maua. Tangu hapo punguza samadi. Naitrojeni ikizidi utapata kichaka cha majani ya kupendeza kisicho na tunda. Kijiko cha majivu ya kuni kila baada ya wiki tatu husaidia maua kushika.

Ukifuata kalenda hii, mavuno huanza mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Hapo una faida mbili. Wakulima wengi wa milimani wana ukame, wakati Kajaga maji ya kumwagilia hayako mbali. Na jua la kiangazi cha Imbo ndilo mashine yako ya kukaushia, halina bili.

Wengi pia hawajui kwamba mpilipili haufi baada ya msimu mmoja. Ulaya huuawa na baridi, lakini kwetu huishi miaka miwili hata mitatu. Mvua za Oktoba zinapoanza, kata matawi yabaki urefu wa goti, ongeza samadi mpya, na kichaka kitaanza upya bila kusia mbegu.

Maadui

Joto likipita nyuzi 33 maua hupukutika. Saa za mchana kali weka kivuli chepesi cha makuti ya michikichi, ukiacha jua la asubuhi lipite. Mwagilia asubuhi mapema, kwenye udongo, kamwe usimwagie majani.

Majani machanga yakijikunja kama yameungua, geuza uangalie chini yake. Mara nyingi ni utitiri au vidukari. Maji ya sabuni ya kipande, yakinyunyizwa jioni mara mbili kwa wiki, huwapunguza. Mche uliojikunja wote na kudumaa una virusi, na dawa haipo. Ung'oe uuchome kabla haujaambukiza jirani zake.

Tunda likitokea madoa meusi yaliyobonyea, hiyo ni chule, ugonjwa wa ukungu unaopenda mvua. Chuma matunda hayo yote uyafukie mbali. Usiyachanganye na ya kuanika, maana ukungu huharibu gunia zima.

Ndege nao hula pilipili mbivu bila wasiwasi. Mwasho unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo sisi na wanyama wengi tunaisikia lakini ndege hawaisikii. Kipande cha chandarua kikuukuu kinatosha kuwazuia.

Kuhusu mbegu, kuna imani kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali itawasha. Tunda la mwaka huo halibadiliki. Kinachobadilika ni mbegu iliyo ndani yake, na ukiipanda utapata kitu usichokijua. Anayetaka kutunza mbegu afunike tawi moja kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka, alitikise kila asubuhi maua yakiwa wazi, kisha atie alama matunda yatakayotokea humo.

Mavuno na hesabu

Chuma tunda likiwa limeiva rangi kamili, na kikonyo chake. Chuma kila wiki, kwa sababu kichaka kinachoachiwa matunda mabivu hupunguza kutoa maua mapya.

Vaa glavu. Ukali mwingi hauko kwenye mbegu kama tunavyoambiana. Uko kwenye ule utando mweupe unaozishika, na ndio unaogusa vidole unapopasua. Mkono ulioshika Reaper usiguse jicho wala mtoto. Maji matupu hayaondoi mwasho. Paka mafuta ya kula kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Kinywa kikiungua, kunywa maziwa. Kusaga kufanyike nje, watoto wakiwa mbali.

Kwa kukausha, pasua tunda mara mbili na uanike juu ya wavu ulioinuliwa, usianike ardhini kando ya barabara ambako vumbi na mbuzi hupita. Jioni ingiza ndani. Imekauka pale inapovunjika kama biskuti. Ikipinda tu, bado.

Sasa hesabu. Mche wa pilipili mbuzi uliotunzwa kwenye ndoo unaweza kutoa kilo moja hadi mbili kwa msimu. Tuchukue kilo moja na nusu. Ndoo 30 ni kilo 45 mbichi. Ukianika zote utabaki na kilo tano hadi saba kavu, kwa maana kilo 10 mbichi hutoa kilo moja hadi moja na nusu hivi. Kabla ya kuamua, uliza bei mbili sokoni siku moja: ya kilo mbichi na ya kilo kavu. Kama kilo kavu haifiki angalau mara nane ya mbichi, uza mbichi siku mpaka ulipo wazi, na uanike zinazobaki.

Hakuna atakayejenga ghorofa kwa kilo 45. Lakini ni madaftari na sare za watoto wawili au watatu, na ni mtaji ambao mama anayevuka kwenda Uvira hakuukopa kwa mtu. Akina mama watano wa mtaa mmoja wakiunganisha mavuno, wana gunia la kumwonyesha mnunuzi wa jumla, naye ataanza kuzungumza bei nao kwa heshima.

Kwa wanaovusha, mambo mawili. Mbegu na mazao mabichi hukaguliwa kwa ajili ya wadudu na magonjwa, kwa hiyo uliza karatasi zinazotakiwa kabla ya kufunga mzigo, usisubiri kuulizwa kizuizini. Na pilipili kavu isafiri katika mfuko usiopitisha unyevu, kwani ikilowa njiani hugeuka ukungu.

Ndugu msomaji, wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani? Sisi tusio na shamba inatuhusu. Anza na ndoo tano Januari ijayo. Ukifika Septemba utakuwa unajua bei, unajua wadudu na unajua mnunuzi wako, ndipo uongeze nyingine 25.