Askari Wangapi Watatosha Kuilinda Ngome?

Ukipanda juu ya ukuta wa Ngome ya Yesu jua linapopungua makali, usikimbilie kupiga picha ya bahari. Zitazame kwanza pembe nne za ngome zilivyochomoza nje. Kila moja inauchungulia ukuta wa mwenzake, hata adui aliyejibanza chini ya ukuta mmoja alikuwa wazi mbele ya mzinga wa pembe ya pili.

Mchoro huo ni wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mwitaliano aliyewatumikia Wareno. Ujenzi ulianza mwaka wa 1593 ukakamilika 1596. Cairati alijua kwamba risasi, kama jicho, haipindi kona. Akazipinda kuta badala yake.

Siku hizi ngome ni makumbusho, na swali lake limerudi kwa sura nyingine. Mwaka wa 1973 mwanahisabati Mmarekani Victor Klee aliuliza: ukumbi wa makumbusho una kona nyingi, na askari wake wamesimama pale pale, hawatembei, ila wanaweza kugeuka. Wahitajika wangapi ili pasiwe na mahali pasipoonekana? Vašek Chvátal alitoa jibu mwaka wa 1975: gawanya idadi ya kona kwa tatu, baki uitupe. Kona 12, askari wanne wanatosha. Kona 20, sita wanatosha, ukumbi uwe umepindapinda utakavyo.

Mwaka wa 1978 Steve Fisk alionyesha sababu kwa njia ambayo hata mtoto ataifuata. Chora kwenye karatasi ukumbi wenye kona 12. Unganisha kona kwa kona kwa mistari isiyokatana, mpaka ukumbi wote uwe pembetatu tupu. Sasa weka kete kwenye kila kona, nyekundu, nyeupe au nyeusi, kwa sharti moja: kila pembetatu iwe na rangi zote tatu. Ukienda pembetatu baada ya pembetatu, hutakwama. Ukimaliza, hesabu. Kete 12 kwa rangi tatu: lazima iwepo rangi iliyotumika mara nne au chini ya hapo. Wasimamishe askari penye rangi hiyo. Kwa kuwa kila pembetatu ina kona moja ya rangi hiyo, kila pembetatu ina jicho lake. Kazi imekwisha.

Ushindi wa namna hiyo hutia kiburi. Basi toka ngomeni, ingia Mji wa Kale, uketi barazani penye bao lenye kete 64. Chukua kete 12: zinapangika safu tatu za nne nne. Ongeza moja ziwe 13, na kila safu utakayojaribu itapungukiwa au itazidi. Nambari kama 13 huitwa tasa. Jina lenyewe lina mzaha, maana hizi tasa ndizo wazazi: kila nambari kuanzia 2 ama ni tasa, ama imezaliwa na tasa zilizozidishana. Mwaka wa 1593 ni 3 mara 3 mara 3 mara 59. Lakini 2011, mwaka ambao UNESCO iliiingiza ngome kwenye Urithi wa Dunia, ni tasa, haugawanyiki.

Mwaka wa 1742 Christian Goldbach alimwandikia barua Leonhard Euler, na kutokana na barua hiyo likabaki swali hili: je, kila nambari shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili? Zigawe kete za bao. 64 ni 3 na 61, 5 na 59, 11 na 53, 17 na 47, 23 na 41. Chukua 1698, mwaka ambao Waomani waliitwaa ngome baada ya kuizingira tangu 1696: ni 5 na 1693. Kompyuta zimepima nambari shufwa zote hadi 4 yenye sufuri 18 nyuma yake, na hakuna iliyokataa. Hata hivyo, kupima si kuthibitisha, kwa sababu nambari hazina mwisho. Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani chini ya miaka mitatu baada ya kuzingirwa. Swali la Goldbach limezingirwa kwa zaidi ya miaka 280 na bado limesimama.

Maswali yote mawili yanaenea kwenye kiganja. Moja lilifunguka kwa rangi tatu, la pili limewashinda mabingwa, na kwa kuyatazama tu usingejua lipi ni lipi. Ndiyo maana hisabati ni mchezo mtamu kwa asiye na mtihani wa kufanya.

Wikendi hii ukiwapeleka watoto ngomeni, beba karatasi na penseli. Kuta ziacheni, ni urithi. Waambie watafute tasa mbili zinazojumlika kuwa 100. Wasitosheke na jibu moja: yapo sita.