Chumvi Maradufu na Ioni Changamano: Nani Huachana, Nani Hushikana?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Lakini sisi wanafunzi wa Kemia tukiona fuwele ndani ya chupa hatuulizi zimeundwaje. Tunakariri jina, basi, tunangoja mtihani. Siku moja baada ya kazi ya maabara palizuka ubishi mkali darasani. Mmoja wetu alishikilia kwamba chumvi maradufu na ioni changamano ni kitu kimoja. "Tofauti ni jina tu," akasema. "Zote si ni vitu viwili vilivyounganishwa?" Wengi tukatikisa vichwa kukubali. Kumbe tulikuwa tumepotea njia mchana kweupe! Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tuanze na matatu. Ukipanda kutoka Meru mjini kuja hapa Nchiru, unabanana na abiria mwenzako bega kwa bega, mpaka mtu akiwaona atadhani nyinyi ni ndugu. Mkifika stejini, kila mmoja anashuka na kushika njia yake. Hiyo ndiyo chumvi maradufu. Sasa mtazame mama mwenye mtoto mgongoni. Akishuka, anashuka naye. Akienda sokoni, yuko naye. Hiyo ndiyo ioni changamano. Na steji yenyewe ni maji.

Chumvi maradufu tunayo hata jikoni. Yale magadi ambayo nyanya hutia katika chungu cha githeri ili maharagwe yaive upesi hutoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, ambako kampuni ya kuyavuna ilianzishwa mwaka 1911. Fuwele zake zina kaboneti ya sodiamu, haidrojenikaboneti ya sodiamu na maji, vyote vimepangwa pamoja kwa utaratibu. Zitie majini, nazo ioni zinaachana, kila moja ikiwa na tabia yake ile ile ya zamani.

Shabu nayo ni vivyo hivyo. Ni salfeti ya potasiamu na salfeti ya alumini katika fuwele moja. Watu huitia katika maji machafu ili yatakate. Siri yake ni nini? Ni kule kuachana! Alumini ikishakuwa huru, hufanya utando kama uji mwepesi unaonasa chembe za udongo na kuzizamisha chini. Kama shabu ingekataa kuachilia alumini yake, maji yangebaki na tope lake.

Twende sasa maabara. Chukua chumvi ya Mohr, ambayo ni salfeti ya chuma na salfeti ya amonia pamoja. Iyeyushe, kisha ugawe myeyusho katika testi tyubu mbili. Katika ya kwanza tia sodiamu haidroksaidi: mashapo ya kijani yatatokea, na hayo ni ya chuma. Ipashe moto: hewa ya amonia itatoka na kugeuza karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa kuwa ya buluu. Katika ya pili tia kloridi ya bariamu: mashapo meupe ya salfeti hayo! Abiria wote watatu wameonekana.

Sasa chukua potasiamu feroksianidi. Ndani yake chuma kimo, lakini ukitia sodiamu haidroksaidi hutaona mashapo ya kijani ng'o! Chuma kimezungukwa na sianidi sita zilizokikumbatia pande zote, na kundi zima linatembea majini kama ioni moja. Sianidi ikiwa peke yake ni sumu ya kuua upesi. Ikiwa imeshikwa namna hii hatari yake hupungua sana, hata katika nchi kadhaa chumvi hii huruhusiwa kwa kiasi kidogo mno katika chumvi ya mezani ili isigande. Lakini tahadhari: usiichemshe pamoja na tindikali kali, maana kumbatio litavunjika na gesi ya sumu itatoka.

Aliyefumbua fumbo hili ni Alfred Werner, aliyefundisha Zurich, Uswisi. Mwaka 1893 alieleza kwamba metali huweza kuzungukwa na majirani wake wa karibu kwa mpango maalumu, na majirani hao hawaachiliwi ovyo. Mwaka 1913 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Je, haya yatusaidie nini baada ya mtihani? Msomaji, damu yako ni jibu. Katika hemoglobini, chuma kimeshikwa imara na naitrojeni, na nafasi moja imeachwa wazi ili oksijeni ikae, isafirishwe, kisha ishuke. Moshi wa jiko la makaa una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Hiyo hukishika chuma hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haitaki kushuka. Kwa hiyo mwezi wa Julai, baridi ya Nyambene inapouma, usithubutu kulala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Basi ukiulizwa tofauti, usikariri. Uliza swali moja tu: vikiingia majini, vinaachana au vinashikana? Vikiachana na kila ioni ikajibu kipimo chake, ni chumvi maradufu. Metali ikibaki mikononi mwa majirani wake na kujificha, ni ioni changamano. Shabu inatufaa kwa kuachilia. Damu inatufaa kwa kushika.

Yule mwenzetu wa ubishi sasa ameshakubali. Nami pia nilikuwa upande wake, siwafichi. Kuuliza si ujinga. Kwaherini, tukutane maabara.