B.B. King: Alishindwa kumuiga mjomba, akawa mfalme

KAMA unajifunza gitaa na kila ukitaka kumuiga mkali wako vidole vinagoma, usilitupe uvunguni. Mfalme wa blues, B.B. King, naye yalimkuta hayo hayo.

Jina lake halisi ni Riley B. King. Alizaliwa Septemba 16, 1925 kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi, Marekani. Mama yake alifariki Riley angali mtoto, akakua kwa kuchuma pamba.

Gitaa alilionja kanisani, kwa mchungaji Archie Fair aliyekuwa akilicharaza ibadani. Nyumbani kwa Mima, bibi mmoja wa ukoo wao, kulikuwa na gramafoni. Hapo ndipo masikio yake yalipokutana na santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la dola 15, na deni lake alilipa kwa jasho la shambani.

Riley alianza na nyimbo za dini. Akiimba barabarani mjini Indianola, watu walimsifia na kumpigapiga bega, basi. Akiimba blues, sarafu zinadondoka! Hesabu ikawa rahisi.

Mwaka 1946 akatimkia Memphis kwa Bukka White, ndugu wa mama yake, yaani mjomba kwa hesabu za kwetu. Bukka alikuwa moto wa kuotea mbali. Alitelezesha chuma juu ya nyuzi, gitaa likalia kama mtu. Kijana akajaribu, wapi! Chuma kilimkataa katakata. Akaamua kutafuta mlio ule kwa vidole vitupu, akiubana uzi na kuutikisa kwa mkono wa kushoto mpaka sauti itetemeke. Mtetemo huo ndio uliokuja kuwa saini yake. Ukiusikia tu, unajua ni yeye.

Waalimu wengine hakukaa nao chumba kimoja. T-Bone Walker alimtia wazimu wa gitaa la umeme. Django Reinhardt, mcharazaji wa jazz wa Ulaya, alimfikia kupitia santuri ambazo rafiki yake mwanajeshi alitoka nazo Ufaransa.

Mwaka 1948 Sonny Boy Williamson alimpa nafasi kwenye kipindi chake cha redio. Baadaye King mwenyewe akawa mtangazaji wa redio WDIA ya Memphis, akajulikana kama Blues Boy. Likafupishwa, likawa B.B.

Na Lucille je? Usidhani ni mkewe. Mwaka 1949, ukumbini huko Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana, wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililokuwa likiwaka, na moto ukashika. King akatoka mbio, kisha akarudi ndani kuokoa gitaa, nusura afe. Kesho yake akasikia waligombea mwanamke aitwaye Lucille. Akalipa gitaa jina hilo, kujikumbusha asirudie ujinga ule.

Septemba 1974 alilileta gitaa lake Kinshasa, kwenye tamasha la pambano la Ali na Foreman, ambako Franco na T.P.O.K. Jazz nao walipiga.

Alifariki Mei 14, 2015 akiwa na miaka 89. Ule mtetemo, vijana wa dunia nzima wanahangaika kuuiga hadi leo. Wengi wanashindwa. Huenda ni heri yao.