Mtoto wa Pwani na mbio za theluji: njia inaanzia wapi?

Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2018 ilipofunguliwa PyeongChang, Korea Kusini, bendera ya Kenya ilibebwa na msichana mmoja, na ujumbe wetu ulikuwa na mwanamichezo huyo mmoja tu. Jina lake Sabrina Wanjiku Simader. Watu wengi walidhani ni mtoto wa Nairobi au wa Bonde la Ufa. La. Alizaliwa Kilifi, mwezi wa Aprili 1998.

Namtaja kwa sababu nimeulizwa jambo lake na mtu wa nyumbani. Bintiye mamangu mdogo, mzaliwa wa hapa Mbololo, ameolewa Ujerumani, upande wa Bavaria, na mwanawe wa miaka kumi na mmoja anashindana na klabu ya skii ya kijijini kwao. Kijana alichukua simu kwa mamake akaniuliza, "Mjomba, naweza kushindania Kenya?" Nikamwambia nitamjibu. Nimeona jibu lenyewe linawafaa wengine pia, maana Malindi, Diani na Mtwapa zina familia nyingi zenye watoto ng'ambo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Mbio za skii za mlimani, zile za kushuka, ziko za aina nne kubwa. Slalomu ina milingoti iliyokaribiana, mchezaji anakata kona fupi fupi. Slalomu kubwa ina nafasi zaidi. Hizi mbili hukimbiwa mara mbili na muda hujumlishwa. Supa-ji na mteremko mkuu ni za kasi, mara moja tu, na kwenye mteremko mkuu mtu hupita kilomita 100 kwa saa akiwa na kofia ngumu na nguo inayombana kama ngozi ya pili. Katika supa-ji hakuna hata mazoezi juu ya njia hiyo. Unaikagua polepole asubuhi, unaikariri, kisha unaachiliwa.

Mambo hayo hayafundishwi ukubwani, na Simader ni mfano mzuri. Alihamia Austria na mamake akiwa na miaka mitatu. Baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya skii, yaani ile mitambo inayowapandisha watu kilimani. Fikiria mtoto wa mvuvi wa Vanga na mtumbwi. Hakuna anayemfundisha kuogelea kwa ratiba, anajikuta tu anajua. Kila jioni baada ya shule kilima kilikuwa chake, na kupanda kulikuwa ni kwa mzee wa nyumbani. Wazazi wengine wa Alps hulipia tiketi ya lifti, kocha, petroli ya kwenda mashindanoni kila wikendi, viatu vinavyobadilishwa kila mguu unapokua, na jozi kadhaa za skii, kwa sababu skii ya slalomu haifai kwa supa-ji. Nasema wazi: kipaji kinahesabika, lakini kilima kilicho karibu na mtu wa kulipa vinahesabika kwanza.

Halafu kuna karatasi. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilianzishwa 1924, na ndilo linaloweka orodha ya wachezaji wote duniani. Watoto hushindana katika makundi ya umri, chini ya miaka 12, 14, 16, ndani ya klabu na majimbo yao. Kwenye mashindano rasmi ya FIS mtoto huingia katika msimu wa kutimiza miaka 16, na hawezi kujiandikisha mwenyewe. Chama cha skii cha nchi anayoiwakilisha ndicho kinachomwombea leseni.

Hapo ndipo pointi zinapoanza, na pointi za skii ni kinyume cha mpira wa miguu: kadiri zinavyopungua ndivyo ulivyo bora. Bingwa wa dunia anakaribia sifuri. Anayeanza huanza na 999.99. Ukishindana, unahesabiwa umepitwa na mshindi kwa muda gani, na ubora wa wapinzani wako unaongezwa kwenye hesabu. Ili kufika PyeongChang katika slalomu kubwa, mchezaji wa nchi ndogo alitakiwa awe na wastani usiozidi pointi 140. Kwa Beijing 2022 kikomo kikawa 160. Nchi kama Austria ina wanawake wengi sana walio chini ya hapo, lakini hawawezi kwenda wote kwa sababu kila nchi ina idadi yake. Nchi isiyo na wachezaji wengi hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakifikia kiwango. Kwa hiyo bendera ya Kenya inampa mtu mlango ambao huko alikolelewa una foleni ndefu. Wako wanaosema huo ni ujanja. Mimi sioni hivyo. Pointi 140 hazigawiwi kwa huruma, na kijana anazitafuta miaka mingi akianza nyuma ya watu.

Kuanza nyuma si maneno ya mdomo. Wenye pointi mbaya hupewa namba za mwisho za kuondoka, na theluji iliyokwisha kupitiwa na skii hamsini huwa na mifereji kama barabara ya murram baada ya mvua. Ndiyo maana dunia ilishangaa hapo PyeongChang wakati Ester Ledecká wa Cheki, aliyeondoka na namba 26, aliposhinda supa-ji kwa sekunde 0.01 baada ya televisheni kuanza kumpongeza Anna Veith wa Austria. Simader alishindana katika mbio hiyo hiyo.

Kuhusu pasipoti, jibu la mpwa wangu ni jepesi. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni raia, hata akizaliwa ng'ambo. Kifungu cha 16 kinamruhusu kubaki na uraia mwingine. Asiharakishe kuchagua bendera. Hadi ile miaka 16 klabu yake inamtosha, na kubadilisha nchi baada ya kuandikishwa FIS kuna masharti. Mamake ashughulikie pasipoti mapema, kwa sababu ofisi zetu tunazijua.

Na yule mtoto wa Mwambiti, Ndome au Voi mjini asiye na mama Bavaria? Wananiuliza kwa nini tusitumie Kilimanjaro, ambayo asubuhi za kiangazi tunaiona milimani kwetu. Mlima una mita 5,895, hauna lifti, hewa ni nyembamba, na barafu yake imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Walioko Dubai wanajua kilima cha ndani ya Mall of the Emirates, kilichofunguliwa 2005. Ni mita 400. Kinatosha kujifunza kusimama.

Lakini iko skii ya pili, ya kukimbia tambarare na kupanda, na hiyo inataka mapafu. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret, hakuwahi kugusa theluji utotoni. Alipelekwa Finland 1996 kwa ufadhili wa Nike, na miaka miwili baadaye alikuwa Nagano kwenye kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Boit alirudi Olimpiki 2002 na 2006, na mwanawe akamwita Dæhlie. Huku nyumbani alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu, juu ya lami. Lami tunayo, na vijana wanaokimbia kila alfajiri kati ya Mbololo na Voi tunao.