Mkatizo: Jinsi Kompyuta Inavyoitikia Wito wa Vyombo

Katika miaka ya 1990 meli ya utafiti Tanganyika Explorer ilisafiri katika Ziwa Tanganyika, ikipima wingi wa dagaa na migebuka kwa njia ya mwangwi. Sauti huenda majini kwa kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde. Basi mwangwi wa kundi lililo kina cha mita 75 hurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini kipimo hicho hakifai kitu iwapo mahali kilipochukuliwa hapajulikani. Ndiyo maana kompyuta ya kazi kama hiyo huhitaji kusikiliza kipima mwangwi pamoja na kipokezi cha setilaiti kinachotaja mahali.

Kompyuta hutambuaje kwamba habari imefika? Ingeweza kukiuliza kila chombo bila kukoma, lakini ingepoteza muda mwingi. Njia iliyo bora ni mkatizo. Chombo hupeleka ishara ya umeme kwa prosesa. Prosesa humaliza amri iliyo mkononi, huhifadhi mahali ilipofikia, kisha hutazama jedwali la anwani. Humo huipata sehemu ya kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala mashine, iliyowekwa kukihudumia chombo hicho. Huduma ikiisha, kazi ya awali huendelea palepale ilipoachwa.

Hatari iko katika kuchelewa. Kipokezi kikipeleka biti 4,800 kwa sekunde, na kila herufi ikichukua biti 10, herufi 480 hufika kila sekunde. Moja kila milisekunde mbili hivi. Kama mlango wa kuingilia una nafasi ya herufi moja tu, herufi isiyochukuliwa mapema hufutwa na inayofuata. Tarakimu moja ikipotea, taarifa nzima ya mahali haiaminiki tena.

Kwa sababu hiyo kiini huigawa huduma sehemu mbili, kama ifanywavyo katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma: kwanza dagaa hupakuliwa mtumbwini, kuanika hufuata baadaye. Sehemu ya kwanza huichukua herufi na kuiweka akibani upesi. Sehemu ya pili huifasiri taarifa wakati wa nafasi.

Wanafunzi na wakokotoe: kasi ikiwa biti 9,600 kwa sekunde, kiini kina muda gani wa kuipokea kila herufi?