Mboga ya Pwani katika Bustani za Songwe

Mboga ya pwani, ambayo wataalamu wa mimea huiita Sesuvium portulacastrum, ni mmea utambaao unaoota katika mchanga wa ufukweni, pembezoni mwa mikoko na kando ya mashamba ya chumvi. Una mashina yanayoelekea wekundu, majani manene yaliyojaa maji, na maua madogo ya rangi ya waridi yenye umbo la nyota, ambayo kila moja hufunguka kwa saa chache tu za mchana. Mkazi wa Tunduma anayetamani kuupanda, akiwa zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, huenda akadhani kwamba kikwazo chake kitakuwa ukosefu wa chumvi, ilhali chumvi ndiyo jambo la mwisho la kumsumbua.

Mimea mingi ikipandwa penye chumvi nyingi hunyauka kwa kiu ingawa udongo umelowa, kwa kuwa maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi zaidi, na mizizi hushindwa kuyapata. Mboga ya pwani huishinda hali hiyo kwa kuipokea chumvi na kuifungia katika vakuoli, yaani vifuko vya maji vilivyomo ndani ya seli, hadi majani yanakuwa na chumvi kuliko udongo wenyewe na maji yanaendelea kuingia. Ndiyo maana wanaoyala majani hayo huyachemsha kwanza na kuyamwaga maji yake. Uwezo huo ni wa kustahimili tu, kwani mmea huu, ijapokuwa hunawiri zaidi penye chumvi ya kiasi, huishi pia katika udongo wa kawaida. Kumwagia bustani maji ya chumvi ili kuufurahisha ni kuharibu ardhi ambayo kesho itahitajika kwa maharage.

Maadui wake wa kweli katika nyanda za Tunduma na Mbozi ni baridi ya Juni na Julai, pamoja na maji yanayotuama katika mvua za Novemba hadi Aprili. Inafaa, basi, kipande cha shina chenye vifundo kadhaa, ambavyo ndivyo vinavyotoa mizizi, kichomekwe katika tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mchanga mwingi wa mtoni, au katika chungu chenye tundu chini, mahali panapopigwa na jua kutwa.

Hali ni tofauti kabisa mtu anaposhuka kuelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao, ambalo kwa sababu hiyo hulimbikiza chumvi zinazoletwa na mito. Huko Ivuna, wilayani Momba, chumvi imetengenezwa kwa karne nyingi kutokana na chemchemi zake, na mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya kazi hiyo. Katika joto la bonde hilo mmea huu ungekuwa na manufaa makubwa kuliko Tunduma, ila udongo wa magadi, yaani wenye kabonati ya sodiamu, si sawa na mchanga wa ufukweni: sodiamu huuvunja mfinyanzi kuwa chembe ndogo zinazoziba njia za maji. Mtunza bustani hulazimika kutia jasi, ambayo kalisi yake huchukua nafasi ya sodiamu, pamoja na samadi, kisha kuiacha mvua isafishe.

Mmea wenyewe husaidia kidogo, kwa kuwa kila shina linalokatwa huondoka na sodiamu liliyoivuta, mradi mabaki hayo yasirudishwe kwenye tuta kama mboji. Na kwa kuwa hutambaa upesi na kila kipande huweza kuota, ni busara ubaki ndani ya uzio, mbali na chemchemi na kingo za ziwa, ambako nyasi za asili zilizozoea magadi ndizo malisho ya mifugo.